Sikio Kifuani

Wivu wa mdogo wangu haukuanzia machoni kama wa watu wengine. Ulianzia sikioni, na kwa hilo simshangai, maana sikio ndilo linalomlisha. Ni fundi magari. Wenzake gereji wamempa jina la Sikio, kwa kuwa hafungui injini kabla hajaisikiliza. Gari likiletwa, anaomba liwashwe na liachwe lingurume palepale, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiegemeza kwenye chuma cha injini na mpini anaubana sikioni, halafu anafumba macho. Wateja wapya humcheka. Akishafumbua macho na kuwaambia kilichochakaa, wanaacha kucheka na kuanza kuuliza bei.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimlea baada ya mama kufariki, na sasa nina chumba changu uani kwake, mlango unatazamana na wa jikoni. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza niliyajuaje. Nyumba ile ina kuta nyembamba na mimi sina masikio mabaya vilevile, tumezaliwa tumbo moja. Na kabla hujasema "mawifi ndivyo walivyo," ujue kwamba mke wake nampenda. Mwaka wa kwanza ilinibidi nijilazimishe, kwa sababu alinishinda kupika na mdogo wangu hakuona haya kulisema mbele yangu. Nilinuna mpaka nikachoka.

Wifi yangu anashona sare za shule. Amepanga nusu ya chumba cha duka, na nusu ya pili yumo mwanamume anayetia darizi kwenye mifuko na kola kwa cherehani ya umeme. Katikati yao hakuna hata pazia. Huyo fundi darizi ni mtu nadhifu, anaongea polepole, kucha zake ni safi kama za karani wa benki. Mdogo wangu ana oili kwenye kucha ambayo hata asubuhi ya harusi yake haikutoka. Alisugua kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka, weusi ukabaki palepale. Sasa mwanamume mwenye kucha za namna hiyo akimwona mwenzake mwenye kucha za namna ile anakaa na mkewe kutwa nzima, tayari una kuni na kiberiti chumba kimoja.

Jioni zao zilikuwa hivi. Wifi anarudi, anabandika sufuria, mtoto wao wa miaka minne anacheza uani. Mdogo wangu anarudi, anaoga, kisha anajilaza kwenye kochi, kichwa kifuani kwa mkewe, mpaka chakula kiive. Haongei. Wifi hatikisiki, mkono wake mmoja uko juu ya kichwa cha mumewe. Nimepita pale mara nyingi kufuata chumvi, na chumvi nilikuwa nayo. Niliona wivu, ndiyo. Mimi niliolewa nikaachika, na yule bwana hakuwahi kulaza kichwa chake popote isipokuwa kwenye mto wake mwenyewe.

Basi siku moja mdogo wangu akaja chumbani kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema anataka kumrudisha mke wake kwao.

Nilidhani amelewa, ila yeye hanywi. Nikamuuliza kosa la mke ni nini. Akaanza kunieleza, na nilivyozidi kusikiliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mtoto niliyemlea alikuwa na wazimu wa aina yake. Alisema moyo wa mkewe una mwendo wa aina mbili. Kuna siku unakwenda taratibu, na unacheza na pumzi: akivuta pumzi unaharakisha kidogo, akiitoa unajivuta. Hizo ni siku njema. Halafu kuna siku nyingine, nyingi tu, unakwenda mbio mbio na ule mchezo wake na pumzi unafifia, unagonga moja kwa moja kama mtu anayepiga misumari. Na siku hizo hata ngozi yake ina joto kidogo kuliko kawaida. Alikuwa akiyasikia hayo kwa miezi, kila jioni, pale kochini.

"Gari limesimama uani," akaniambia. "Unagusa boneti unakuta moto. Dada, hilo gari si limetoka safari?"

Nikamjibu kwamba mke si gari, na kwamba aliyetoka kushona sare hamsini ana haki ya kuwa na joto. Hakunisikia. Alikuwa ameshafika mbali. Fundi darizi huondoka kila mwezi kwenda kununua nyuzi, na hurudi mwezi ukiwa umefika katikati. Mara mbili mfululizo, aliporudi tu, moyo wa wifi ukabadilika. Dalili ya mvua ni mawingu, akasema, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua methali.

Nilimwomba asifanye lolote kwanza. Kwa ufundi wake huohuo nikamkumbusha kwamba hata gereji hubadilishi kifaa kabla ya kukijaribu. Hilo likamwingia, nami nikajiona nina akili. Sikujua kwamba atakwenda kujaribu kweli. Juma lililofuata alidai goti linamuuma, akaomba ruhusa kazini, na kila asubuhi akamfuata mkewe dukani, akakaa kwenye kiti katikati ya cherehani mbili akitazama watu wakishona. Wifi alifurahi. Aliniambia mumewe anamhurumia kwa kazi nyingi, mpaka amekuja kumkatia nyuzi. Fundi darizi naye akampa mto wa kuegemeza goti, akamwita shemeji, akamsimulia habari za mkewe na wanawe watano. Jina la shemeji lilimchoma mdogo wangu kuliko tusi.

Kutwa nzima, siku sita, hakuona jicho wala tabasamu la kutiliwa shaka. Na jioni alipolaza kichwa, moyo ukawa unakwenda mbio vilevile, na boneti ya moto. Mtu mwenye akili timamu angesema basi, tatizo si fundi darizi. Mdogo wangu alikuja kwangu macho mekundu akasema, "Hata nikikaa naye haisaidii. Anamuwaza."

Hapo nilielewa kwamba wivu haushindwi kwa ushahidi. Ukiufungia mlango unaingia dirishani. Akasema ameshaamua: Jumapili ya juma linalofuata atampeleka kwa wazazi wake na atarudi peke yake. Mke ameambiwa wanakwenda kusalimia tu. Na maskini wifi, nilimwona kwa macho yangu akipiga pasi gauni la safari, huku akimwimbia mtoto kwamba wanakwenda kwa bibi. Alikuwa amemnunulia mama yake kitambaa na baba yake kofia. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu.

Ikafika Ijumaa, siku mbili kabla ya safari. Wifi alinikuta uani nikianua nguo, akashika ncha ya pili ya shuka tuikunje pamoja, na tulipokutana katikati hakuiachia. Aliniuliza kama nimewahi kusikia moyo wangu. Nikamuuliza kwa vipi. Akasema wake unamwamsha. Unakimbia akiwa amekaa tu, wakati mwingine unaruka pigo moja kisha unagonga kwa nguvu mpaka kooni, mikono inamtetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano. Huja ukaondoka, huja ukaondoka, na kila ukirudi unakuwa mbaya zaidi. Mama yake mkubwa alianguka sokoni akafa, wakasema ni moyo. Alikuwa na hakika kwamba na yeye anakufa.

Nikamuuliza kwa nini hajamwambia mumewe.

"Siku hizi ana mawazo, wifi. Hata kulala halali. Nikimwambia na hili nitamvunja mgongo."

Sasa nilikuwa na siri mbili mkononi, na zote zilikuwa siri ya moyo mmoja. Sikujua ugonjwa ni nini. Mimi siku zangu za mwezi, nilipokuwa nazo, zilikuja na tumbo na hasira, moyo sikuwahi kuusikia. Lakini nilijua kwamba kesho yake ni Jumamosi na kliniki iko wazi. Nilimwambia ajiandae. Mdogo wangu nilimkalisha kitako nikamweleza kwamba mkewe ni mgonjwa wa moyo na anaogopa, basi. Akasema na yeye atakuja. Usoni nikaona hajaamini. Alitaka akasikie kwa masikio yake daktari atakachokikuta mle ndani. Tukaenda sote watatu, na mtoto tukamwacha kwa jirani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemning'inia shingoni kwa uzi. Chumba kilikuwa na kitanda chenye shuka la plastiki, pazia la kijani na feni iliyokuwa ikilia. Nilimtazama mdogo wangu akiisikiliza ile feni. Hata pale hakuweza kujizuia. Wifi akalazwa, akabandikwa nyaya kifuani na miguuni, mashine ikatoa karatasi yenye vilima vidogo vidogo. Damu ikapimwa. Tulisubiri kwenye benchi, wifi katikati yetu. Tulipoitwa tena daktari akasema vilima vimekaa sawa, damu inatosha, tezi ya shingoni haina tatizo, moyo wenyewe ni mzima. Akamlaza tena amsikilize kwa vifaa vyake, huku akimuuliza ni siku gani hasa hali hiyo inamjia.

"Inakuja tu," wifi akasema. "Halafu inaondoka."

Akamuuliza kama inafuatana na hedhi. Wifi akajaribu kuhesabu kwa vidole, akachanganyikiwa, akasema hajawahi kuangalia. Na hapo mdogo wangu, ambaye tangu tuingie alikuwa amesimama mlangoni kama mdai, akafungua mdomo.

Akasema mwendo hubadilika yapata wiki mbili kabla hajaingia kwenye siku zake. Unapanda kidogo, siku moja mbili, na joto linapanda nao. Unakaa juu. Ule mchezo wa moyo na pumzi unapungua. Siku za mwisho ndipo unapokuwa mkorofi, unaruka na kugonga. Akishaingia kwenye siku zake, siku ya pili au ya tatu, unashuka wenyewe, unatulia, unaanza tena kucheza na pumzi. Hata hauendi na tarehe za kalenda, akasema. Kila mwezi unawahi kidogo. Aliongea kama anavyoongea na mwenye gari, kwa uhakika na bila haraka. Baadaye nilimuuliza ilikuwaje ayaone yote hayo asiuone ukweli ulio ndani yake. Akasema alidhani siku za hedhi fundi darizi humwacha apumzike. Mwenye wivu atakosa vyote, hoja hakosi.

Daktari alikuwa ameacha kuandika. "Umeyajuaje haya?"

"Nasikiliza," mdogo wangu akasema, na akajigusa kifuani kuonyesha mahali. "Kila jioni naweka sikio hapa. Kazi yangu ni injini, daktari. Nazijua kwa mlio."

Daktari akacheka kwa furaha, akasema laiti angekuwa na waume kumi wa namna hii wodini. Mdogo wangu akavimba kwa sifa. Mimi nilikuwa namtazama wifi. Alikuwa amegeuza uso kitandani pale, anamtazama mumewe, na mkono wake ulikuwa umeacha kufunga vifungo vya blauzi.

Daktari akatueleza. Nusu ya kwanza ya mwezi wa mwanamke, akasema, mwili unaandaa yai, na moyo kwa kawaida huwa mtulivu. Yai likishatoka, homoni nyingine inapanda, inaupasha mwili joto kidogo na kuuharakisha moyo kidogo. Wengi hawasikii chochote. Wengine wanasikia sana. Tena kuna neva za aina mbili zinazouendesha moyo, za kuuchochea na za kuutuliza, na zile za kutuliza katika siku hizo hulegea.

"Mafuta na breki," mdogo wangu akasema.

"Enhee. Breki inaachiwa kidogo, mafuta yanakanyagwa kidogo. Ndiyo maana hata ule mchezo na pumzi unapungua, maana hiyo ni kazi ya breki. Hedhi ikikaribia homoni zinashuka kwa ghafla, na hapo wengine mioyo inaruka, usingizi unapotea, hofu inakuja bila sababu."

Akamwambia wifi kwamba hafi. Apunguze chai ya rangi nzito na kahawa katika siku hizo, alale mapema, na akipata kizunguzungu cha kuanguka, maumivu ya kifua au pumzi kukata arudi haraka bila kusubiri. Kisha akauliza kama nyumbani kuna jambo linalomnyima amani, kwa sababu hofu nayo inakanyaga mafuta yaleyale. Wifi akasema hakuna. Alisema hivyo bila kumtazama mtu.

Tulitoka nje mdogo wangu akiwa mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Alinunua machungwa, akayamenya mwenyewe, akampa mkewe moja na mimi moja. Alikuwa akirudia maneno ya daktari njia nzima, mafuta, breki, homoni, mpaka nikatamani atafune kimya. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani wifi akasimama. Chungwa lake lilikuwa mkononi, hajaligusa.

"Ulikuwa unausikia unakwenda mbio," akamwambia. "Miezi yote hiyo. Mbona hukuniuliza kama naumwa?"

Mdogo wangu ana dosari nyingi, lakini kudanganya hajui. Angesema alidhani ni uchovu tukaingia ndani tukala. Alitazama kucha zake, akasema alidhani kuna mtu.

Wifi akauliza mtu gani. Akamtajia. Nilitegemea acheke, maana fundi darizi na mto wake wa goti ni kichekesho ukitaka kukiona hivyo. Hakucheka. Nilimwona akiunganisha vitu kichwani kimoja kimoja: siku sita za kukata nyuzi, macho mekundu, safari ya kusalimia wazazi. Aliuliza swali moja tu, kama kesho ilikuwa warudi wote au yeye aachwe kwao. Mdogo wangu akarudi kutazama kucha zake, na hilo likawa jibu.

Hakukuwa na ugomvi. Ningependelea ugomvi, ningejua pa kuingilia. Wifi alimchukua mtoto kwa jirani, akapika, akaosha. Jioni mdogo wangu akaoga, na kwa mazoea, au kwa matumaini, akaja kwenye kochi. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli langu. Alipoanza kuinama, wifi akaweka kiganja kifuani kwake mwenyewe, kama mtu anayefunika chungu.

"Unajua mkono wangu ulikuwa unakufa ganzi?" akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mboga ilikuwa inaungua, nami naiachia iungue. Nabana pumzi nisikuamshe. Najiambia, mume wangu kachoka, amekuja kupumzika kwangu. Kumbe ulikuwa kazini."

Mdogo wangu alibaki ameinama vilevile, hajui ashuke au ainuke. Nimemwona akifiwa na mama na sikuwahi kumwona na uso ule. Nilirudi chumbani kwangu na bakuli tupu. Nilimhurumia, na nilimkasirikia zaidi, kwa sababu kitu nilichokionea wivu miaka yote, alikuwa nacho bure na akakitumia kupima.

Jumapili wifi alikwenda kwao na mtoto na zawadi zake, bila mumewe. Niliamini hatarudi. Alirudi baada ya wiki mbili, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare hazijishoni. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Anapika, anacheka na mtoto, hata na mumewe anacheka, yakija ya kuchekesha. Lakini jioni kochini anakaa na mtoto, na mtoto ndiye anayelaza kichwa pale. Mdogo wangu anakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili, ameshaoga, mikono magotini. Anamtazama binti yake wa kumzaa kwa jicho nililolizoea, jicho alilokuwa akimtazamia fundi darizi.

Juzi nilipita pale, safari hii kweli nilitaka chumvi. Alikuwa anamuuliza mkewe, taratibu, kama mgeni anayeuliza njia, "Moyo leo vipi?"

"Upo," wifi akasema.

Alingoja aongezewe kitu. Hakuongezewa. Moyo ulikuwa hatua mbili kutoka alipokaa, na hakuweza kujua kama unakwenda mbio au umetulia, wala kwa sababu gani. Ilibidi amwamini.